Kufika na Kuketi Kwenye Kaunta ya Soda ya Kizamani Katika Safari ya Gari Marekani: Mwongozo Kamili

Kila kiangazi mimi hupokea malalamiko yaleyale kutoka kwa ndugu na jamaa waliokodi gari Marekani ili wapite barabara ya kale ya Route 66, itokayo Chicago hadi Santa Monica, California. Wengine waliendesha kwa muda wa saa nne wakakuta mlango umefungwa. Wengine waliingia, wakaagiza soda ya kawaida ambayo wangeipata kwenye kituo chochote cha mafuta, wakatoka wakijiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Na wapo walioondoka bila kuacha kitu mezani, wakashangaa kwa nini mhudumu aliyewachangamkia tangu mwanzo aliwaaga kwa uso mkavu.

Makosa haya yana tiba, na tiba kubwa ni moja: mgahawa usiwe mahali pa kupitia ukikumbuka, bali uwe nguzo ambayo ratiba ya siku nzima imefungwa kwake. Barabara itakungoja, kaunta haikungoji.

Kaunta ninayoizungumzia ni ile ambayo kibao chake huandikwa "Soda Fountain". Aghalabu ilianza kama duka la dawa au la peremende, na ndani yake soda haitoki kwenye chupa. Mhudumu hutia shira kwenye bilauri, hufungulia maji ya gesi kutoka kwenye bomba, huongeza aiskrimu au maziwa, na yote hayo huyafanya mbele ya macho yako. Ukitaka ndugu yake wa nyumbani, fikiria faluda ya Mombasa: bilauri ndefu, kijiko kirefu, na kinywaji ambacho nusu yake hunywewa na nusu yake huliwa.

## Mahitaji kabla ya kuondoka

- Leseni ya udereva ya nchi yako pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha gari. Kibali hiki hutolewa nchini kwako, kwa hiyo ukishapanda ndege umechelewa. Dereva aliye chini ya miaka 25 atarajie kutozwa nyongeza na kampuni nyingi za kukodisha magari.
- Simu yenye ramani uliyoipakua mapema, kwa sababu katika majangwa ya New Mexico na Arizona mtandao hupotea kwa muda mrefu.
- Dola taslimu katika noti ndogondogo, hasa za 1 na za 5, hata kama una kadi. Baadhi ya migahawa midogo haipokei kadi, na bakshishi ya kaunta huachwa kwa urahisi zaidi kwa noti.
- Karatasi yenye majina ya Kiingereza ya vyakula usivyovila, iwe kwa sababu ya dini, mzio au ushauri wa daktari.
- Vidonge vya laktasi, ikiwa maziwa hukusumbua tumbo. Huuzwa katika maduka ya dawa ya Marekani bila cheti cha daktari.
- Chupa kubwa ya maji ya kunywa.
- Njaa. Usile kituoni njiani. Nitaeleza sababu baadaye.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni kaunta ya soda ya kweli

Taa za neoni, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe na picha ya mwanamuziki wa miaka ya 1950 ukutani havithibitishi chochote. Vitu hivyo hununuliwa. Kabla ya kuweka jina la mahali kwenye ratiba, tafuta picha za ndani zilizopigwa na wateja, kisha uangalie nyuma ya kaunta.

Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni bomba la maji ya gesi lenye shingo iliyopinda kama ya bata na mpini juu yake. La pili ni safu ya pampu za shira, kila moja na ladha yake. La tatu ni mashine ya kuchanganyia vinywaji yenye mhimili unaoning'inia, ambayo chini yake huwekwa kikombe kirefu cha chuma. Ukiona badala yake ile mashine ya soda ya kujihudumia, yenye nembo za kampuni na vikombe vya karatasi pembeni, basi huo ni mgahawa wa kawaida uliovaa nguo za babu.

Mifano ya kweli ipo. Katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, Crown Candy Kitchen ipo tangu 1913, na hadi leo ni duka la peremende na kaunta kwa pamoja. Upande wa pili wa nchi, karibu na mwisho wa Route 66, ipo Fair Oaks Pharmacy katika mji wa South Pasadena, California, iliyoanza mwaka 1915. Asiyeifuata Route 66 bali anapita Indiana anaweza kusimama Columbus, kwenye Zaharakos iliyofunguliwa mwaka 1900, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho.

Kuna pia mahali pazuri ambapo watu hupachanganya na kaunta ya soda, na hapo ndipo uchungu huanza. Ted Drewes ya St. Louis huuza aiskrimu nzito ya mayai kupitia dirishani, nawe huila umesimama nje; uzuri wake haubishaniwi, ila hutaketi. Pops, iliyoko Arcadia, Oklahoma, ina sanamu ya chupa yenye urefu wa futi 66 na soda za mamia ya aina, lakini ni za chupa. 66 Diner ya Albuquerque ina milksheki za kuridhisha, ila ilifunguliwa mwaka 1987. Nenda kote huko ukipenda, mradi ujue unakwenda kupata nini.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kutaja jina la mahali, mji wake, na kitu kimoja kinachotengenezwa hapo kwa mkono ambacho ndicho unachokifuata.

## Hatua ya 2: Hakiki siku na saa, kisha uhakiki tena

Hapa ndipo wengi huangukia, nami nimo.

Mwaka mmoja tulikuwa tunaelekea kwenye kaunta moja ndogo ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Nilikuwa naendesha, nikamwomba binti yangu aliyezaliwa hukuhuku Marekani aangalie wanafunga saa ngapi. Akasoma kwenye simu, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kujitahidi: "Saa tatu, Baba." Nikapunguza mwendo, nikasimama kupiga picha za milima, nikanunua hata karanga. Tulipofika saa 11 jioni, tuliona kwa dirishani viti vimeshapinduliwa juu ya meza na sakafu imeshakauka baada ya kupigwa deki. Alikuwa ametafsiri tarakimu 3 kama ilivyo. Ilikuwa saa 9 alasiri.

Basi andika saa zote kwa Kiswahili kwenye karatasi moja kabla ya kuondoka. Kibao kinachosema 11 hadi 3 kina maana ya saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kinachosema 10 hadi 8 ni saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku. Dereva asome karatasi hiyo, asimsikilize mtoto.

Jambo la pili ni siku. Migahawa mingi ya aina hii ni ya familia, na familia hupumzika: Crown Candy Kitchen, kwa mfano, kwa desturi haifungui Jumapili. Nyingine hufunga Jumatatu au Jumanne, siku ambazo msafiri hazitilii shaka. Sikukuu nazo zina hesabu yake, hasa ile ya kushukuru (Thanksgiving) inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba.

La tatu ni msimu. Delgadillo's Snow Cap ya Seligman, Arizona, iliyojengwa na Juan Delgadillo mwaka 1953, ni ya msimu wa joto. Ukienda wakati wa baridi utapiga picha ya ukuta. Ile ya Adrian, Texas, iitwayo Midpoint Café, iliyo maili 1,139 kutoka Chicago na maili 1,139 kutoka Los Angeles, nayo haifunguliwi mwaka mzima.

La nne ni majira ya saa, ambayo hubadilika kimyakimya njiani. Ukivuka mpaka wa Texas na New Mexico kuelekea magharibi, hapo penye magofu ya Glenrio, saa yako inarudi nyuma kwa saa moja, na hiyo ni zawadi. Ukija kutoka magharibi kwenda mashariki, unanyang'anywa saa moja: unaondoka Tucumcari ukidhani una muda wa kutosha, unafika Adrian na kumbe saa nzima imeliwa mpakani. Arizona ni kichwa ngumu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jimbo hilo haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi kama majirani zake. Kwa hiyo kiangazi saa yake ni sawa na ya California, na wakati wa baridi ni sawa na ya New Mexico.

Baada ya yote hayo, piga simu asubuhi ya siku yenyewe. Mtandao husema mengi, lakini mashine ya aiskrimu iliyoharibika jana jioni haijaandikwa popote. Uliza maswali mawili tu: mmefungua leo, na jiko hufungwa saa ngapi. Jiko huweza kufungwa nusu saa kabla ya mlango.

Utajua umefaulu ukiwa na saa ya kufika iliyo angalau saa moja na nusu kabla ya kufungwa, kwa majira ya mahali uendako.

## Hatua ya 3: Pima mwendo kutoka kwenye kaunta kurudi nyuma

Anza na saa ya kufika, kisha ukokotoe saa ya kuondoka hotelini. Usifanye kinyume chake.

Route 66 ilikuwa na urefu wa maili 2,448, takriban kilomita 3,940, kutoka Chicago hadi Santa Monica, na ilifutwa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu mwaka 1985. Maana yake ni kwamba ramani ya simu itakusukuma kwenye barabara mpya za kasi: namba 55 kutoka Chicago hadi St. Louis, 44 hadi Oklahoma City, na 40 kuelekea magharibi. Barabara ya kale hukimbia kando yake, hukatika, hupita katikati ya miji yenye taa na vivuko vya reli. Mimi hutumia barabara ya kasi hadi maili 30 za mwisho, kisha huingia ya kale na kufuata vibao vya rangi ya kahawia. Kwa njia hiyo napata mandhari bila kupoteza chakula cha mchana.

Wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda wakumbuke kwamba Marekani huendesha kulia. Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi hawatasumbuka. Hatari kubwa haiko kwenye barabara kuu ambako magari mengine yanakuonyesha njia, bali ni pale unapotoka kwenye maegesho ya mgahawa, tumbo limejaa, barabara tupu, na mkono wenyewe unataka kushika kushoto.

## Hatua ya 4: Ingia na uchague kiti

Simama mlangoni usome. Kikiwepo kibao cha "Please Wait to Be Seated", ngoja upelekwe kwenye kiti. Hapa si kwa mama ntilie ambapo unavuta benchi popote palipo na nafasi. Kikiandikwa "Please Seat Yourself", chagua mwenyewe.

Omba kaunta, usiombe meza. Sababu ni moja: kinywaji unachokilipia hutengenezwa kaunta, na ukikaa kwenye kochi la pembeni kitakujia tayari kama cha mahali pengine popote. Kiti ni kirefu, kimefungwa sakafuni, na kinazunguka. Shika ukingo wa kaunta kwanza, kisha ukae. Familia yenye watoto wadogo au mzee mwenye magoti yanayouma ikae mezani bila aibu, na mmoja wenu aende kaunta kuangalia.

Ikiwa kuna watu wengi, hesabu viti vilivyobaki na ujiulize kama kikundi chenu kinaweza kugawanyika. Watu sita wanaotaka kukaa mstari mmoja watangoja mchana kutwa.

Niseme jambo moja kwa sababu wasomaji wangu wengi ni Waafrika. Viti hivi havikuwa vya kila mtu. Mwezi Agosti 1958, mwalimu Clara Luper aliwaongoza watoto na vijana weusi katika Oklahoma City, mji ulio kwenye Route 66 yenyewe. Waliketi kwenye kaunta ya duka la dawa la Katz, wakaagiza Coca-Cola, wakanyimwa, wakakataa kuondoka. Mimi kila nikizunguka kwenye kiti kile huwakumbuka watoto wale, na nadhani ni haki yao kukumbukwa na mtu anayehudumiwa leo bila kuulizwa swali.

## Hatua ya 5: Soma menyu ukijua maneno yake

Menyu ya vinywaji huchanganya kwa sababu maneno yanafanana na tuyajuayo ilhali maana zake ni nyingine. Haya ndiyo yatakayokupata.

"Shake" na "malt". Zote ni aiskrimu na maziwa yaliyosukwa. "Malt" huongezewa unga wa shayiri na ngano uliochanganywa na maziwa makavu, na haina kileo hata tone. Ladha yake unaijua ikiwa ulikunywa Horlicks utotoni: ndugu wa Horlick, Waingereza waliohamia Racine, Wisconsin, ndio waliosajili unga huo mwaka 1883. Asiyeweza kula ngano aiepuke. Kwa anayekwenda mara moja tu maishani, nashauri aagize hii ya chokoleti.

"Float". Tonge la aiskrimu linaloelea juu ya soda. Halisukwi. Unywe soda na kula aiskrimu kwa zamu.

"Ice cream soda". Si "float", ingawa hata wahudumu wachanga huchanganya. Hapa hakuna soda iliyo tayari. Hutengenezwa papo hapo kwa shira, maziwa kidogo na maji ya gesi, ndipo aiskrimu ifuate. Ustadi wa mhudumu huonekana hapa kuliko mahali pengine.

"Phosphate". Shira ya tunda, matone ya asidi ya fosfati na maji ya gesi. Haina maziwa, ni kali kidogo ulimini kama ukwaju, na ndiyo kimbilio la mwenye tumbo lisilopatana na maziwa. Ya cheri ndiyo maarufu.

"Egg cream". Haina yai wala malai. Ni maziwa, shira ya chokoleti na maji ya gesi. Ni ya New York zaidi, ila huipata hata kwingine.

"Root beer". Neno "beer" limewakosesha Waislamu wengi kinywaji hiki bure. Ni soda ya ladha ya mizizi na viungo, haina pombe, na watoto ndio wateja wake wakubwa. Mgahawa wa Mr D'z wa Kingman, Arizona, unajulikana kwa ya kwake. Kinachotakiwa kuepukwa ni ile inayoandikwa "hard root beer", maana hiyo ina pombe kweli.

Upande wa chakula, mitego ni mingine. Herufi BLT zina maana ya mkate wenye nyama ya nguruwe iliyokaushwa, letusi na nyanya, na kwenye Crown Candy Kitchen nguruwe huyo hupangwa rundo. Hata usipoiagiza, mayai na nyama ya ng'ombe huweza kukaangwa kwenye bamba lilelile, uliza. Marshimalo, ile povu nyeupe inayomwagwa juu ya aiskrimu au kuchanganywa ndani yake, huweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Vanila ya kioevu nayo huwa na alkoholi, jambo ambalo kila mtu na mwanachuoni wake.

Onyo: ukisikia habari za shindano la Crown Candy Kitchen la kunywa "malt" tano ndani ya dakika 30 ili usilipe, mwachie kijana asiye na safari. Wewe una usukani.

## Hatua ya 6: Agiza kimoja, kisha uangalie mikono

Agiza kinywaji kimoja kwa watu wawili kwanza. Nilisema usile njiani, na sababu ni hii: "malt" moja ni mlo.

Mwambie mhudumu ladha ya shira, ladha ya aiskrimu, na kama unataka nzito au nyepesi. Kisha nyamaza uangalie. Shira huingia kwanza, ikakaa chini kama matope mekundu. Kisha mhudumu huvuta mpini wa bomba nao maji huja kwa wingi. Akiusukuma upande wa pili, maji yaleyale hutoka kama uzi mwembamba wenye nguvu, na uzi huo ndio unaoinua shira kutoka chini na kutengeneza povu. Tonge la aiskrimu huning'inizwa ukingoni mwa bilauri, nusu ndani nusu nje, ili lisizamishe povu.

"Malt" na "shake" huletwa na kitu kinachowatatanisha wageni. Mhudumu humimina bilauri ikajaa, kisha huweka pembeni kikombe cha chuma kilichotanda umande, kizito, chenye karibu bilauri nyingine ndani. Shemeji yangu alikirudisha kwa adabu, akidhani ni cha jirani. Ni chako, umekilipia, na kile kilichobaki chini yake ndicho kitamu zaidi, kwa kuwa unga hutuama huko.

Anza kwa kijiko, mrija baadaye. Ukifyonza kwa haraka utapata yale maumivu ya ghafla ya paji la uso. Bandika ulimi kwenye kaakaa, yatapita.

Utajua umefaulu ikiwa povu lilikuwa bado linapanda wakati bilauri inatua mbele yako, na mrija unasimama wima bila kushikwa.

## Hatua ya 7: Lipa na uache bakshishi bila kujiaibisha

Bei ya menyu si bei ya mwisho. Kodi ya mauzo huongezwa kwenye hesabu, na kiwango chake hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, hata mji na mji. Usigombane na mhudumu, hakuibii.

Kisha kuna bakshishi, ambayo kwetu ni hisani na kwao ni sehemu ya mshahara. Sheria ya nchi huruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, almradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha chini. Majimbo kadhaa, California likiwemo, yamekataa mpango huo, lakini desturi ya mezani imebaki ileile: asilimia 15 hadi 20.

Hesabu ni nyepesi. Chukua jumla kabla ya kodi, tuseme dola 36. Sogeza nukta upate 3.60, zidisha mara mbili, una dola 7.20, yaani asilimia 20.

Ukilipa kwa kadi utaletewa risiti mbili. Ile ya mgahawa ina mstari wa "Tip" na mstari wa "Total". Andika bakshishi, jumlisha mwenyewe, weka sahihi, uiache mezani. Nyingine ndiyo yako. Watu wengi huondoka na ile yenye sahihi, na mhudumu akakosa stahiki yake. Katika migahawa mingine ya zamani hulipi kwa mhudumu bali kwenye mashine ya fedha karibu na mlango; hapo acha noti kwenye kaunta chini ya bilauri kabla ya kunyanyuka.

Kabla ya kulipa angalia kama bakshishi haijaongezwa tayari, jambo linalowapata sana watu wanaokuja wengi. Ikiwa imo, usiilipe mara mbili.

## Hatua ya 8: Rudi barabarani

Pita maliwato kwanza, hata kama hujisikii haja. Kati ya miji ya jangwani umbali ni mrefu, na maziwa na soda hukumbuka njia yao nusu saa baadaye.

Usiingie kwenye gari mara moja. Sukari nyingi na jua la mchana huleta usingizi, hivyo tembea mtaa mmoja kwenda na kurudi, kunywa maji, umpe usukani asiyekunywa "malt" nzima. Mwenye kisukari apime kabla ya kuondoka, si baada ya maili 50.

Usibebe aiskrimu. Nunua badala yake peremende za chokoleti kama duka linatengeneza, na uziweke chini ya kiti kwenye kivuli. Dashibodi ya gari mwezi Julai huko Arizona huzirudisha kuwa shira kabla hujafika taa ya kwanza.